Akiba ya Mshono

Kila nilipotoka shule nilivua viatu, nikanawa mikono, nikaketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya Mama. Yeye alipima wateja, mimi niliandika vipimo kwenye daftari. Mama hakuuamini mwandiko wake. Saba zake zilifanana na moja, na kuna bwana mmoja aliwahi kushonewa suruali ya kumtosha mwanawe.

Mama alikuwa na desturi. Kila nguo aliiachia kitambaa cha ziada ndani ya mshono, upana wa vidole viwili. Alisema mwili haupigi hodi unapobadilika.

Nyuma ya daftari hilo ndiko alikoficha barua ya hospitali. Niliiona nilipotafuta ukurasa mtupu. Mama alikuwa ameugua saratani ya titi akatibiwa, kisha akapimwa damu. Barua ilisema saratani yake ilitokana na kasoro ya kurithi, na kwamba ndugu zake wa damu waambiwe, nao wapimwe mapema. Ndugu yake alikuwa mmoja tu: Mama Mdogo, mcheshi wa ukoo, ambaye alikuwa akijiandaa kuolewa.

Mama aliponikuta nayo alifunga mlango. Akaniapisha ninyamaze, harusi ikipita atamwambia. Harusi ikapita. Akasema ngoja aizoee nyumba yake. Kisha, ngoja apate ile kazi aliyoomba. Mwaka ukaisha kwa ngojangoja, nami nikawa siwezi kumtazama Mama Mdogo machoni. Nilimpenda, na niliona aibu.

Siku moja alikuja kupimwa gauni jipya. Mama alipitisha tepu chini ya kwapa lake, mkono ukasita. Akabonyeza tena, polepole.

"Dada, unapima au unanitekenya?" Mama Mdogo akacheka.

Mama aliishusha tepu. Nikafungua daftari kwa nyuma, nikaitoa ile barua na kumkabidhi Mama Mdogo.

Aliisoma amesimama. Akarudi juu, akaitazama tarehe kwa muda mrefu.

"Watu husema mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Wewe dada umeficha ya kwangu."

"Niliogopa kukuharibia furaha."

"Furaha ilikuwa yangu. Na mwili ni wangu."

Alikwenda hospitali kesho yake. Uvimbe ule alioupapasa Mama ulikuwa saratani, tena iliyokwisha kukua. Daktari alimwambia kwamba angefika mwaka uliopita, huenda wangeuwahi ungali mdogo. Titi likaondolewa, na dawa zikamtoa nywele. Sasa madaktari wanasema anaendelea vizuri. Kwetu haji tena kupiga soga.

Alikuja mara moja tu, na gauni lake la harusi aliloshonewa na Mama, akaomba lipunguzwe upande mmoja. Hakuketi. Alisema atamtuma mtu alichukue.

Mama alilifumua mpaka akafikia vile vidole viwili vya ziada. Akaweka mkasi chini, akalia mbele yangu bila kujificha. Kisha akasema:

"Mwanangu, ugonjwa wa kurithi si siri ya mtu mmoja. Anayehusika aambiwe mapema, hata kama habari inauma. Nawe ukikua utapimwa, na sitakuficha lolote." Akaushika ule mshono. "Gauni lake nililiwekea akiba. Yeye mwenyewe sikumwachia hata kidole."