Ntheo Iliyorudishwa

Siku ya soko mjini Kitui, duka la dawa za mifugo alimofanya kazi Mwongeli hujaa tangu asubuhi, na kila mteja ana haraka kuliko mwenzake. Ndiyo maana alimwona yule kijana upesi: yeye peke yake hakuwa na haraka. Shati la zambarau lilikuwa limepigwa pasi likanyooka, viatu vimejaa vumbi la Makueni, mikono ina alama za cheche za fundi. Aliwapisha akina mama, akampisha na mzee mmoja, hadi Mwongeli akatambua kwamba kijana alikuwa akijitafutia muda wa kumtazama.

Alipofika kaunta aliomba dawa ya kumdunga mbuzi. Mwongeli akamwuliza mbuzi anaumwa nini, nani amempima, na namba ya hereni yake ni ipi. Duka lao, kama mengine mengi, lilikuwa kwenye mpango wa simu: mbuzi anavalishwa hereni yenye namba sikioni, kila dawa inayouzwa inaingizwa kwenye simu, na mwenye mnyama anatumiwa meseji ya kumwambia nyama na maziwa visiliwe hadi lini.

"Yaani mbuzi ana hereni na wewe huna," kijana akasema.

"Mimi siuzwi."

"Na mimi sijasema nanunua. Naomba namba tu."

"Ya mbuzi ama yangu?"

Duka zima likacheka. Kijana aliondoka bila dawa, lakini namba ya simu aliipata.

Aliitwa Nzomo, fundi wa mageti kutoka Mukuyuni. Kila jioni alimpigia Mwongeli simu akimwita daktari wa moyo, na kila jioni Mwongeli alimwonya kwamba madaktari wana foleni. Jumapili moja baada ya kanisa Mwongeli alimsimulia habari za dada yake, Kasyoka, aliyejifungua salama kisha kidonda chake kikaingia vijidudu. Madaktari walibadilisha dawa hii na ile, zote zikashindwa, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeshazizoea. Tangu wamzike, Mwongeli hakuweza kuuza antibiotiki kama peremende. Nzomo alimshika mkono, na hapo Mwongeli akajua amependa kweli.

Basi wakafikia ntheo, siku ya mwanamume kupeleka mbuzi kwa kina msichana. Kwa Wakamba, wale mbuzi ndio ndoa yenyewe: wakipokelewa na mmoja akachinjwa nyumbani kwa msichana, msichana ni mke. Wakirudishwa, mwanamume amekataliwa, na aibu hiyo ni ya ukoo mzima.

Siku yenyewe Mwongeli alivaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa, kilemba kikamkaa vizuri, na baba yake, mzee Musyoka, akatoa viti vyote alivyokuwa navyo. Wageni kutoka Mukuyuni walifika wakiimba, mbele yao Mwau, ami yake Nzomo, akiwavuta mbuzi wanono wenye manyoya yanayong'aa. Mwongeli aliinama kuwapapasa, na kwa mazoea ya kazi tu, akaingiza namba za hereni kwenye simu yake. Akasoma mara mbili kilichotokea kwenye kioo. Mbuzi wote walikuwa wamedungwa antibiotiki wiki hiyo hiyo, na nyama yao isiliwe kabla ya wiki nne kwisha.

Kisu kilikuwa kimeshanolewa. Mwongeli angeweza kunyamaza, awe mke wa mtu kabla jua halijatua. Alimfikiria Kasyoka.

"Baba, mbuzi hawa wasichinjwe," akasema. "Wana dawa mwilini."

Alijitahidi kueleza kwamba nyama ya namna hiyo huwalisha watu dawa wasiyoihitaji na kuvizoesha vijidudu, lakini Mwau alisikia jambo moja tu: mbuzi wamekataliwa. Akashika kamba, akageuka, na ukoo ukamfuata. Nzomo alimtazama Mwongeli kama mtu aliyepigwa kofi kanisani, kisha naye akaondoka.

Mwongeli alimpigia Nzomo simu, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena. Mama yake alimwambia awaombe msamaha watu wa Mukuyuni, naye akajibu kwa machozi kwamba angeomba kama angekuwa na kosa. Alienda kazini macho yamevimba, akauza dawa za kupe, akarudi nyumbani akalala bila kula.

Kisha asubuhi moja dukani simu ikalia. Ilikuwa ya Nzomo.

"Mwongeli, nilidhani ni matangazo."

"Matangazo gani?"

"Zile meseji. Siku hizi kila mtu anatuma meseji, mara bahati nasibu, mara mkopo. Leo nimezisoma. Ya mbuzi iliingia siku ile ile nilipowadunga."

"Kwani uliwadunga kwa nini?"

"Walikuwa wanakohoa. Nikaona nitakuaibisha kwa baba yako."

"Uliwanunua kule Ikutha ukawaleta kwa pikapu, njia yote wakimeza vumbi. Hata mimi ningekohoa, mpenzi."

Halafu Nzomo akacheka, na Mwongeli naye akacheka huku akijipangusa machozi kwa koti la kazi.

"Bado unanitaka?"

"Sikukukataa hata siku moja. Nilikataa sindano."

"Basi nawaleta wale wale. Sitaki wengine."

Kazi ilibaki kwa Mwau. Nzomo alimweleza yote, na alipofika kwenye habari za Kasyoka, mzee akavua kofia. Wauza nyama wa Mukuyuni waliposikia kisa hicho walianza kuwataka wafugaji waonyeshe meseji kabla ya kununua mbuzi, na anayebabaika akirudishwa na mbuzi wake.

Wiki nne zilipopita, wakaja tena wakiimba. Safari hii Mwau alivaa suti ya kijivu, akasimama mbele ya mzee Musyoka, akatoa simu mfukoni na kusoma kwa sauti aliyozoea kusomea Biblia: "Mnyama huyu yuko salama. Nyama yake inaweza kuliwa."

Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Mzee Musyoka akaagiza kisu.

Nyama ilipoiva, Mwau alikata kipande cha kwanza yeye mwenyewe, akawapita wazee wote, akampelekea Mwongeli kwa mikono miwili.

"Kula, mke wetu," akamwambia.

Mwongeli akala, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemwuliza analia nini.