Ijumaa Aliyoichagua Mzee Ratilal

— Bona, nimeipata ile sehemu ya mwisho. Njoo Jumapili tuitazame.

Mwalimu Bonareri aliweka kalamu chini. Sauti ya Mehul kwenye simu bado ilimfanya atengeneze nywele, na yeye ni mjane wa miaka arobaini na minane mwenye watoto wakubwa. Mapenzi hayana adabu, jamani.

Ujanani walikuwa wagonjwa wa kipindi kimoja cha Waingereza, cha wasafiri wa nyota, kilichoanza hata kabla wazazi wao hawajaoana. Chombo cha angani kilikuwa mabati yaliyopakwa rangi, na majitu ya mpira yalionekana zipu mgongoni, lakini waliyaogopa hivyo hivyo. Kilionyeshwa Ijumaa jioni. Kwa kina Bonareri, Wasabato wa pale Nyanchwa, jua likizama Ijumaa Sabato imeingia, na televisheni inafunikwa kitambaa. Basi Mehul alimrekodia kwenye kanda kila Ijumaa kwa miaka mitatu, wakawa wanatazama Jumapili chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la baba yake, mzee Ratilal.

Ya mwisho hawakuitazama. Jumapili hiyo Bonareri alikuta peremende zinagawiwa dukani: Mehul amemchumbia Ruchi, msichana wa jamii yao. Alikula moja, akasema asante, akalia njia nzima hadi nyumbani.

Sasa Ruchi alikuwa amefariki, mwaka wa nne huu. Bonareri alivaa gauni lake la buluu akashuka mjini, na moyoni alishaamua: akiniomba, nakubali.

Mehul alikuwa ameweka laptopu juu ya meza ya kukatia vitambaa. Waliyacheka yale majitu, kisha taa za chombo zikazimika moja moja. Mehul akafuta macho.

— Tuoane, Bona. Sasa hakuna wa kutuzuia.

— Kwani nani alituzuia?

Mehul alitazama mikono yake. Akaeleza polepole kwamba baba yake alikuwa amekubali kumpokea Bonareri. Ukoo wote ungekusanyika, na msichana akija, mzee angetoa baraka. Asipokuja, Mehul angemwoa Ruchi.

— Siku gani hiyo?

— Ijumaa ile. Saa moja jioni.

— Uliniandikia kikaratasi, "Njoo leo tutazame ya mwisho pamoja." Hayo tu.

— Nilingoja mlangoni. Hukuja.

— Nilijua utanirekodia. Mzee wako aliijua Sabato yetu?

— Aliijua. Ndiyo maana akachagua Ijumaa.

— Na wewe?

Mehul alifunga laptopu. Mtu aliyetia kanda kila Ijumaa miaka mitatu angekosaje kuijua? Alimwogopa baba yake, akaiacha Sabato imkatalie msichana kwa niaba yake. Miaka yote Bonareri alidhani hakupendwa vya kutosha, na kumbe alikuwa sahihi. Iliuma kuliko siku ya peremende.

Alichukua mkoba wake.

— Nilikuwa kijana, Bona. Nisamehe.

— Nimekusamehe. Lakini kuolewa na wewe, hapana.

— Hata ningekueleza, kweli ungetoka siku ya Sabato?

Bonareri alisimama mlangoni, machozi yakimtiririka, wala hakuyaficha.

— Ungeniambia tu ni mambo ya ndoa, ningekuja mbio. Mungu ningeongea naye mwenyewe kesho yake.