Ukuta wa Nyuma ya Kihenge

Tangu mama yake azikwe, Limi aliamka kila siku kabla ya jua kuchomoza na kufanya kazi zilezile. Alifagia uwanja. Alikwenda kisimani na mtungi, akarudi, akabandika uji wa mtama, akamwamsha mdogo wake Jilala na kumnawisha uso. Watu wa kijijini kwao, mwendo wa saa moja kutoka Mhunze, walimsifu sana.

"Mtoto wa miaka kumi na mitatu, na nyumba imesimama!" walisema.

Limi aliwasikia kama mtu anayesikia mazungumzo ya jirani ng'ambo ya ua. Hakufurahi, hakukasirika. Msibani watu walilia mpaka sauti zikawakauka, lakini yeye hakutoa chozi hata moja. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi.

Baba yake, Mzee Mihayo, alikuwa akifanya kazi katika machimbo ya dhahabu huko Geita. Alipopata habari za msiba alirudi na baiskeli yake na blanketi moja, na hakwenda tena. Mchana alichunga ng'ombe wake wachache, na jioni alikaa mlangoni akitazama uwanja. Yeye na binti yake walisemezana yale ya lazima tu: ng'ombe wamerudi, chumvi imekwisha.

Mwezi wa sita wa mwaka huo, 1953, Jilala alishikwa na homa. Baba alimpakia kwenye baiskeli, Limi akatembea nyuma akimshika mgongo asianguke, wakaenda zahanati. Dresa, yaani mganga msaidizi wa pale, aliitwa Bwana Athanas, mtu mrefu mwenye shati jeupe lililofifia.

"Homa hii ilimpata, ikaondoka siku kadhaa, kisha ikarudi?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema baba. "Hivyo hivyo kama ya mama yake."

Bwana Athanas aliacha kuandika. Akawatazama mmoja mmoja.

"Hii ni homa ya papasi," alisema. "Papasi ni mdudu mfano wa kupe, rangi yake kama vumbi. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta na za sakafu. Mkilala, hutoka akanyonya damu. Nitampiga mtoto sindano na atapona. Lakini sindano haizibi nyufa. Kandikeni nyumba yote, ukuta na sakafu, msibakishe ufa hata wa kupitisha unyasi. Kwenu hukandika nani?"

"Mama yao," alijibu baba, akainamisha kichwa.

"Nitakandika mimi," Limi alisema.

Hakuwa amewahi kukandika. Alikuwa amemwona mama yake tu. Kesho yake alichimba udongo mweusi wa mbugani kwa sababu ulikuwa karibu, akauchanganya na maji, akaupaka kwa kiganja juu ya ukuta wa zamani. Ulipokuwa mbichi uling'aa vizuri. Siku ya nne ulikuwa umepasuka kila mahali kama bwawa lililokauka, na vipande vikaanza kubanduka na kuanguka juu ya vyungu.

Limi alikuwa akizoa vipande hivyo pale jirani yao, Mama Donatus, alipoingia uwanjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Udongo huu umeutoa wapi?"

"Mbugani."

"Ndiyo maana! Udongo wa mbuga ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa. Mimi nilipoolewa nilikandika jiko zima kwa udongo huo. Mama mkwe wangu alicheka mpaka akakaa chini." Mama Donatus alicheka peke yake, kisha akainama kumsaidia kuzoa. "Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Sijui," alisema Limi. Ilikuwa kweli. Hakujua.

Siku iliyofuata Mama Donatus alikuja na jembe lake. Walichimba udongo mwekundu wa kichuguu, wakachota mchanga mtoni, wakakata nyasi vipande vidogo, wakazoa mavi ya ng'ombe zizini. Vyote vilichanganywa na kukanyagwa kwa miguu, mpaka Mama Donatus alipofinyanga donge, akaliangusha chini, na lisivunjike.

"Sasa umeiva," alisema. "Lakini usikimbilie kupaka. Kwangua kwanza tope lote la zamani. Chokoa kila ufa, umwagie maji yanayochemka. Kisha lowesha ukuta, maana ukuta mkavu hunyonya maji ya udongo, na udongo hautashika."

Madonge ya kwanza ya Limi yalianguka miguuni pake.

"Unaliweka kama unalibembeleza," alisema Mama Donatus. "Litupe kwa nguvu! Halafu ulikandamize kwa kiganja."

Limi alitupa. Akatupa tena. Kufikia mchana mabega yalikuwa yakiwaka na vidole vimechubuka, lakini madonge yalishika. Waliuacha udongo ukauke, kisha wakapaka tabaka jembamba la udongo uliochekechwa na samadi, na kulisugua kwa jiwe laini la mtoni. Kuta tatu na sakafu zikakamilika. Ukabaki ukuta wa nyuma ya kihenge, kapu kubwa la kuhifadhia mtama.

"Huo utaumaliza mwenyewe," alisema Mama Donatus. "Umeshajua kazi."

Alipokuwa peke yake, Limi alikisogeza kihenge cha mtama. Nyuma yake tope la zamani lilikuwa na mistari ya mawimbi, iliyochorwa kwa vidole vitatu. Mama alikuwa na desturi ya kuchora hivyo kila alipomaliza ukuta. Mistari mingine ilikuwa imefutika zamani, hii ilikingwa na kihenge. Kati ya mistari mlipita nyufa mbili ndefu.

Limi aliweka vidole vyake katika mistari ile. Vilikuwa vyembamba kuliko nafasi zilizoachwa na vidole vya mama. Mkono wa pili ulishika jembe kuukuu la kukwangulia. Alingoja asikie uchungu, kwa sababu alidhani mtu mahali kama hapo anapaswa kusikia uchungu. Hakusikia kitu. Lakini mkono wenye jembe ulikataa kuinuka. Alisimama hivyo mpaka kuku wakaanza kuingia ndani, kisha akakirudisha kihenge mahali pake.

Jioni baba aliuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba."

"Ukuta wote?"

"Wote."

Wiki tatu zilipita. Ngozi ya ng'ombe aliyolalia Jilala ilitandikwa kando ya kihenge. Asubuhi moja mtoto hakuweza kuinuka. Meno yalikuwa yakigongana, na macho yalikuwa mekundu kama pilipili.

Kule zahanati, Bwana Athanas alikunja uso. "Mlikandika?"

"Tulikandika," alisema baba. "Binti yangu alifanya nyumba nzima kwa mikono yake."

"Nzima kabisa?"

"Nzima kabisa."

Dresa alisugua kidevu. "Basi huenda hii si homa ya papasi. Nitamjaribu kwa dawa ya malaria kwanza. Tungoje siku tatu, tuone."

Aligeuka kuchukua chupa ya vidonge. Limi alimtazama mdogo wake aliyekuwa akitetemeka juu ya benchi. Siku tatu. Mama naye, homa ilipomrudia, alikuwa amengojwa siku tatu, akafa.

"Si nzima," alisema.

Baba aligeuka. "Unasemaje?"

"Ukuta wa nyuma ya kihenge sikuukandika, Baba. Una nyufa mbili. Nilikudanganya. Jilala analala pale pale."

Bwana Athanas aliirudisha chupa kabatini na kutoa bomba la sindano. Hakumkaripia.

"Umenisaidia," alisema akichemsha sindano. "Mimi sioni ndani ya nyumba zenu. Naona kile mnachoniambia. Ukinificha jambo, natibu ugonjwa ambao mtoto hana."

Waliporudi nyumbani, baba alikisogeza kihenge. Aliiona mistari. Akaifuata kwa kidole, mmoja mmoja. Kisha alichuma mwiba mrefu uani, akachokoa ufa, na papasi wanne wa rangi ya vumbi wakadondoka sakafuni.

"Nikwangue mimi?" aliuliza polepole.

"Hapana," alisema Limi. "Nitakwangua mwenyewe. Wewe kanyaga udongo."

Mzee Mihayo alikunja suruali mpaka magotini na kuingia topeni uwanjani. Mwanamume kukandika nyumba halikuwa jambo la kawaida, na jirani mmoja, Januari, aliyekuwa akipita na ng'ombe wake, alisimama.

"Mihayo! Umegeuka mwanamke siku hizi?"

"Nimegeuka baba," alijibu Mihayo, akaendelea kukanyaga. Januari alifunga ng'ombe wake, akamletea maji ndoo mbili.

Ndani, Limi aliinua jembe. Mstari wa kwanza ulianguka kama unga. Wa pili ulitoka kipande kizima, akakitazama kidogo, kisha akakivunja, maana nyuma yake palikuwa na mayai ya wadudu. Alimwaga maji yanayochemka katika nyufa zote mbili mpaka ukuta ukatoa mvuke. Akalowesha, akatupa madonge, akakandamiza. Baba alimletea udongo, kisha akaanza kutupa madonge naye. Mengi ya kwake yalianguka.

"Unayabembeleza," alisema Limi.

Siku nne baadaye walipaka tabaka la mwisho. Jilala alikuwa amepona, akawa anasugua sehemu ya chini kwa jiwe na kujipaka tope hadi puani. Mwezi mzima ukapita bila homa kurudi. Bwana Athanas, katika ziara yake ya vijijini, aliingia ndani na unyasi mkononi, akautembeza ukutani kote, hata nyuma ya kihenge. Haukupata pa kuingia.

"Hapa papasi hana makazi," alisema, akaaga.

Alipoondoka, Mzee Mihayo alimwita binti yake wakae wote mlangoni.

"Limi, kukandika umejifunza, na kazi yako ni nzuri," alisema. "Lakini lipo la pili, nataka ulishike. Siku ile nilipokuuliza, ungeniambia, 'Baba, pale nimeshindwa,' ningekuja tukafanya wote. Kushindwa si kosa. Kosa ni kusema kazi imekwisha wakati haijakwisha, maana anayeumia ni yule anayekuamini. Na mimi nina kosa langu. Nilikuachia nyumba nzima mabegani, nikawa nakaa hapa natazama uwanja. Hukuwa na mtu wa kumwambia. Kuanzia leo, likikushinda jambo, liseme. Nitasikia."

Ndani Jilala alikuwa akiimba wimbo wa kuchunga ng'ombe, akikosea maneno.

"Baba," alisema hatimaye.

"Naam."

"Nimechoka."

Machozi yakaja, mengi, bila yeye kuyaita. Baba hakumwambia anyamaze. Alimsogelea na kumshika bega kwa mkono wake uliokuwa na vumbi la zizini kwenye kucha. Limi alipotulia, baba alimwambia abaki amekaa, akachukua mtungi na kwenda kisimani mwenyewe.