Kidole na Upepo wa Kompyuta

Kila siku baada ya masomo, Kidole alikwenda kumsubiri mama yake ofisini. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu hakukuwa na kitu alichokiona asikiguse. Mama yake alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa. Ndani ya kompyuta yake mlikuwa na dunia ya hesabu tupu, yenye jua, bahari na pepo zake.

"Mama, twende basi. Njaa inaniuma!"

"Vumilia, mwanangu. Hii sehemu ya kemia, inayokokotoa gesi za hewani, ndiyo inayotuchelewesha. Ingekuwa imezimwa, saa hizi tungekuwa nyumbani."

Mama alitoka kwenda kuchukua maji ya kunywa. Kidole akaliona neno KEMIA kwenye skrini, na kando yake kitufe. Akakibonyeza. Hesabu zikaanza kwenda mbio.

"Ee, leo kompyuta imekuwa na adabu!" mama alisema aliporudi, akachukua mkoba wake. Kidole akatangulia mlangoni.

Wiki iliyofuata, pepo za juu katika dunia ile zilikutwa zimekwenda mrama, na kemia imezimwa. Lawama zote zilimwangukia Miwani, kijana aliyeipanga kazi hiyo. Miwani ndiye aliyekuwa akimchongea Kidole penseli na kumtania kwamba kidole chake kitiwe kufuli.

"Mkuu, sikuizima kemia. Haki ya Mungu!"

"Kwa hiyo ilijizima yenyewe?" mkuu wa ofisi aliuliza. "Kesho ukabidhi kazi."

Kidole alisikia yote. Alijiona mwizi, tena mwizi anayetazama mwenzake akikamatwa.

Kesho yake alimkuta Miwani akipanga vitu vyake kwenye boksi. "Lete penseli nikuchongee ya mwisho," Miwani alisema, akijitahidi kutabasamu.

Kidole akaangua kilio. "Ni mimi, mjomba! Mimi ndiye niliyebonyeza. Nilitaka mama awahi kurudi nyumbani."

Mkuu na wafanyakazi wote wakageuka. Mkuu alimwomba Miwani radhi mbele ya wote, na boksi likafunguliwa, vitu vikarudishwa mezani.

"Na mimi nina kosa, niliacha kompyuta wazi," mama alisema kwa aibu. Kisha akamgeukia binti yake. "Sikiliza. Ozoni ni gesi kidogo mno, wala huioni. Lakini hunasa miale ya jua kule juu na kuipasha hewa joto. Panapopata joto zaidi, hewa husogea na pepo hufuata. Kemia ilipozimwa, ozoni ikabaki vilevile badala ya kubadilika, na pepo zetu zikapotea njia. Kosa lako lilikuwa kubonyeza kitufe kimoja tu. Lakini ni ukimya wako uliotaka kumtoa mtu kazini. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako."

"Nisamehe, mama. Nisamehe, mjomba."

Mama aliiwasha kemia na hesabu zikaanza upya, polepole. Njaa ilimuuma Kidole, lakini hakulalamika. Aliikalia mikono yake, akasubiri.