Hema Lililopigwa Pasi

Tone la kwanza lilimwangukia Mama Dobi puani, naye yumo ndani ya hema. La pili likaingia sikioni. Akainua macho. Hema halikuwa na tundu hata moja, lakini maji yalikuwa yanapenya kitambaa chote, taratibu, kama jasho.

"Fundi," akaita, "huku ndani kunanyesha."

Mkwewe alikuwa nje, hatua kumi hivi, amejikunyata chini ya turubai la plastiki alilolifunga kwenye mawe mawili. Ilikuwa saa nane mchana, ukungu umeshuka mpaka huoni unapokanyaga, na mvua ya baridi inapiga ubavuni. Mama mkwe ndani ya hema, yeye nje: ndivyo alivyopanga tangu nyumbani. Heshima ni heshima, hata mlimani.

Barabara ya magari ilikuwa imezikwa na maporomoko ya udongo wiki iliyotangulia. Ng'ambo ya mlima, binti wa Mama Dobi, ambaye ndiye mke wa Fundi, alikuwa ameamriwa na daktari alale kitandani, asinyanyuke mpaka ajifungue. Akampigia mumewe simu. "Sitaki nguo za mtoto, sitaki matunda," alisema. "Naogopa. Niletee mama." Fundi kazi yake ni kupanda minara ya simu, milima aliijua na vifaa alikuwa navyo. Kwa miguu ilikuwa siku moja na nusu. Akamweleza mama mkwe, na mama mkwe, miaka sitini na miwili, magoti yanayolia akikaa na kulia akisimama, akauliza wanaondoka lini.

Balaa ni kwamba walikuwa na siku mbili za kusubiri Fundi apate ruhusa kazini, na dobi hajui kukaa bure. Alivikuta vifaa vya mkwewe stoo, vinanuka moshi na soksi, akaona aibu kwa niaba ya binti yake. Hema akalichemshia maji, akatia sabuni ya unga na dawa ya kulainisha nguo, lilipokauka akalipiga pasi pande zote mbili. Mfuko wa kulalia, ule mzuri wa manyoya ya bata, akaufua na kuukamua kama shuka. Mfuko wa pili, wa zamani, ulimponyoka tu kwa sababu ulikuwa kwenye buti la gari.

Fundi alirudi kutoka kazini akakuta hema limekunjwa pembe nne, linanukia waridi. Alijua palepale. Kitambaa cha hema kina utando mwembamba unaozuia maji. Hema hupanguswa kwa maji baridi, likaanikwa kivulini, basi. Pasi huubandua utando ule vipande vipande. Alipaswa kusema. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, vidole vimekunjamana kwa maji, anasubiri neno. "Asante sana, mama," akasema. Mtu anaweza kufa kwa adabu, nyie acheni.

Sasa alitambaa mpaka mlangoni mwa hema akafungua zipu. Mama Dobi alikuwa amekaa katikati ya dimbwi. Mfuko wa manyoya ulimning'inia mabegani ukiwa mabonge tu, umelowa. Meno yake yaligongana.

"Toka, mama. Twende kwenye turubai."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Humohumo."

Akasita. Fundi hakungoja. Alimshika makwapa, akamburuta juu ya mawe yanayoteleza, goti lake mwenyewe likagonga jiwe na kuchanika, hakulitazama. Chini ya turubai alitandaza kamba zake za kupandia minara, akaweka begi tupu juu yake, akamkalisha hapo ili ardhi isimnyonye joto. Akawasha jiko dogo la gesi. Kiberiti cha tatu ndicho kilichoshika.

"Tuna maji kiasi gani?" mama akauliza.

"Chupa moja na nusu. Maji si shida leo, mama."

Akamnywesha maji ya moto yenye sukari nyingi. Baadaye kidogo akaona kutetemeka kumekoma, akafurahi, kisha akaingiwa na hofu, maana midomo ya mama mkwe ilikuwa ya kijivu.

"Mimi sasa sina baridi," Mama Dobi akasema. Ulimi ulikuwa mzito. "Niache nilale kidogo."

Wenzake wa minarani walishamwambia kuhusu usingizi huo. Anayeulala haamki. Akilini alimwona mkewe kitandani, macho mlangoni, akisubiri mama, na mama haji. Akaufungua mfuko wa zamani, uliofungwa ndani ya plastiki mbili. Ulikuwa mkavu na unanuka vibaya mno.

"Mama, vua nguo."

Macho yaliyokuwa yanafumba yakafumbuka. "Unasemaje?"

"Nguo mbichi zinakuua. Vua, vaa ovaroli yangu kavu, ingia humu. Na mimi naingia."

"Wewe ni mkwe wangu."

"Leo mimi ni blanketi, mama. Kesho nitarudi kuwa mkwe."

Mama alijaribu vifungo, vidole vikakataa. Fundi akafumba macho, akavifungua kwa kupapasa, kimoja kimoja, akiomba radhi kila kimoja, mpaka mama mkwe akamwambia aache kuomba radhi, anachelewesha. Mfuko ulikuwa wa mtu mmoja mwembamba, na Mama Dobi hakuwa mtu mwembamba. Fundi akajipenyeza nyuma yake, zipu ikagoma mapajani. Akaufunga kwa kamba, mzunguko mara tatu. Akamkumbatia kwa nyuma. Alikuwa wa baridi kama sakafu ya bafuni.

Mvua ikaendelea. Fundi alimsemesha asilale: alimuuliza doa la damu hutolewaje, la mafuta je, la wino je. Mama alijibu kwa neno moja, halafu mawili, halafu akaanza kubisha. Alipobisha, Fundi alitaka kulia.

"Ni hema, siyo?" Mama Dobi akasema mwishowe. "Nimelifua likaharibika."

"Niliona, mama. Nikanyamaza. Kosa ni langu."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa kukuudhi."

 Mwili wa Mama Dobi ukaanza kutetemeka tena, kwa nguvu, mpaka turubai likatikisika, na Fundi akamshukuru Mungu kwa sauti, maana mwili unaotetemeka bado unapigana na baridi. "Miaka minne tunasalimiana kwa kuinamisha vichwa," mama akasema huku meno yakigongana. "Siku nyingine niudhi."

Alfajiri mvua ilikata. Fundi alimvalisha soksi zake kavu, yeye akaingiza miguu mitupu kwenye viatu vilivyolowa.

"Tufuate kijito?" mama akauliza.

"Hapana, kinaishia kwenye genge la mwamba. Tufuate ukingo wa mlima. Upepo ukikaa shavu la kushoto, tuko sawa."

Waliteremka wameshikana mikono, magoti mabovu ya mmoja na goti lililochanika la mwingine, wakila sukari kiganjani. Saa tisa alasiri waliyaona mapaa ya mabati. Miguu ya Fundi ilikuwa haisikii kitu tena.

Binti alikuwa kitandani, mito miwili mgongoni. Alimtazama mama yake ndani ya ovaroli yenye nembo ya kampuni ya simu, akamtazama mumewe anayejishika ukutani.

"Mvua ile yote," akasema. "Mlilala wapi?"

 Fundi akaanza kutafuta neno la heshima.

"Tulilala mfuko mmoja," Mama Dobi akasema. "Nimekumbatiwa na mume wako tangu mchana mpaka kumekucha. Asingefanya hivyo, saa hizi ungekuwa unalia msiba. Una swali?"

Binti akamtazama mama, akamtazama mume, machozi yakamshuka. Akatikisa kichwa kwamba hana.

"Haya. Wewe mwanangu, kaa hapo uvue viatu," mama akamwambia Fundi, akaenda jikoni kutafuta beseni. "Na kama maji yatakuwa ya moto mno, sema."

Akarudi nalo, akapiga magoti akiguna, akaitia miguu ya Fundi majini.

"Ni ya moto mno, mama," Fundi akasema.