Jumanne ya Mashine

Kila asubuhi, kabla hajafagia duka, Chiriku alimpimia baba yake maji. Alijaza chupa ya nusu lita, akaifunga, akaiweka nyuma ya kioo. Hayo yalikuwa maji ya kutwa nzima, na chai ilihesabiwa humo humo. Figo za baba zilikuwa hazifanyi kazi tena. Alichokunywa kilibaki mwilini, kikamvimbisha miguu na kumbana pumzi.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Alikuwa binti wa darasa la sita, na mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini jambo moja aliapa kutolitamka. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi, baba yake, kinyozi wa mtaa, alikwenda hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Saa nne nzima! Kisha alirudi dukani akiwa hoi, akanyoa mpaka jioni. Wateja wakiuliza, Chiriku alijibu, "Amefuata vifaa."

"Vifaa gani hivyo kila siku?" alicheka fundi baiskeli, jirani yao. "Baba yako ananyoa watu au ananyoa tembo?"

Chiriku alicheka naye, ila moyoni aliumia.

"Ukisema, tumekwisha, mama," baba alimwonya. "Mimi naweka wembe kwenye shingo za watu. Wakisikia habari za damu, nani atakalia kiti hiki? Wewe na bibi yako mtakula nini?"

Ilikuwa wiki ya mwisho ya likizo. Jumatatu alikuja dereva mmoja wa lori aliyekuwa anaoa kesho yake. Alijitazama kwenye kioo, akapendezwa, akaagiza soda. Dukani pale ndivyo ilivyokuwa: mteja akipendeza humnunulia kinyozi kinywaji, na kinyozi hunywa mbele yake.

"Ahsante, ndugu yangu, sina kiu," alisema baba.

"Hunywi soda ya bwana harusi? Unanitakia mabaya?"

Baba akanywa. Fundi baiskeli naye akaagiza nyingine. "Ya mpita njia umekunywa. Ya jirani ndiyo ina sumu?"

Akanywa na ya pili. Kusema kweli, kiu yake ilikuwa ya miaka miwili. Chiriku alimkazia macho, baba akatazama pembeni.

Jumanne watoto walijipanga mpaka barabarani, maana shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake.

"Leo siendi," baba alinong'ona. "Nitakwenda Alhamisi. Nikifunga, hawa watahamia kwa kinyozi wa stendi."

"Lakini baba, na zile soda za jana..."

"Nyamaza, Chiriku."

Akanyamaza.

Alasiri, mwalimu mstaafu alikuwa kitini, povu kidevuni. Baba alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima. Wembe ulipokaribia shingo ya mwalimu, mkono ukaanza kutetemeka. Baba akaurudisha mezani taratibu, akashika ukingo wa kiti, akateremka mpaka sakafuni, juu ya nywele za watoto. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

"Joto hilo! Mpeni maji!" Fundi baiskeli alikuja mbio na kikombe kilichojaa, akakisogeza mdomoni mwa baba.

"Usimpe!" Chiriku alipiga kelele, akamrukia mkono. "Maji ndiyo yanayomuua! Figo zake hazifanyi kazi! Leo ilikuwa siku yake ya mashine!"

Mama mmoja akamvuta mwanawe aliyenyolewa nusu kichwa, akatoka naye. Mwalimu, povu bado kidevuni, ndiye aliyekimbia kusimamisha teksi.

Hospitalini, muuguzi alisema mapafu yalikuwa yameanza kujaa maji. "Angekunywa zaidi, au mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine," aliwaambia. "Na acheni kumwogopa. Ugonjwa wake hauambukizi."

Fundi baiskeli alikaa kwenye benchi akiwa ameinamisha kichwa. "Jana nilimlazimisha mimi," alisema. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

Chiriku alifunika uso kwa mikono. Alilia tu.

Baba alirudi nyumbani amekonda. Tangu hapo, siku za mashine duka lilifungwa kutwa, na kila mtu alijua sababu. Yule mama hakurudi. Mwalimu alizunguka mtaani kueleza kwamba ugonjwa wa figo hauambukizi. Wengine walimsadiki. Wengine waliitikia kwa kichwa, kisha wakaenda kunyolewa stendi. Mwezi haukuisha, kimoja kati ya viti viwili vya kunyolea kikauzwa.

"Ni mimi niliyesema," Chiriku alimwambia baba, wakitazama mahali pale palipobaki wazi. "Nimekuharibia kazi."

Baba aliketi polepole, kama mzee, ingawa hakuwa mzee.

"Sikiliza, mama. Gonjwa hili haliponi. Nitaishi nalo, na ipo siku litanishinda. Lakini sikuwa na haki ya kukutwika siri yangu. Nilificha ili nisikose wateja, nusura nikukoseshe baba. Watu wakijua unaumia wapi, wengi hawatakukanyaga hapo. Wasipojua, hata anayekupenda anaweza kukuua huku anakuhurumia."

Aliichukua ile chupa ya nusu lita nyuma ya kioo, akanywa funda moja.

"Na siku ukimwona mtu anaangamia, mtu mzima akakwambia nyamaza, usinyamaze. Hata kama mtu mzima huyo ni mimi."