Vifaru Viwili kwa Vitano

"Niambie mwenyewe," Adoch alisema, akimwonyesha Nasif simu. "Umehamia kwake?"

Ujumbe ulitoka kwa Saverio: *Nasif amekubali kuchezea timu yangu. Usijisumbue kuja fainali.*

Walikuwa mlangoni mwa ukumbi wa michezo ya kompyuta, mtaani Kisenyi. Ndani watu walishajaa kutazama fainali ya vita vya vifaru. Saverio, nahodha wa timu pinzani, aliwahi kuwa mchumba wa Adoch. Adoch alimwacha kwa sababu ya uongo wake, akampenda Nasif, fundi magari wa mtaa huo. Saverio hakulimeza hilo.

"Ningehamia, ningekuwa ndani nimekaa naye," Nasif alijibu.

"Wenzetu watatu hawajafika, hata simu hawapokei. Nitajuaje kwamba na wewe hujanigeuka?"

"Hutajua. Ni uniamini tu."

Juliet, mwamuzi, akaja kuwaambia kwamba wawili kwa watano si mchezo, na wakijiondoa hakuna atakayewacheka. Saverio alikuwa anacheka tayari. Adoch akavuta kiti, akakaa.

"Tunacheza," alisema.

Nasif akakaa kando yake, akavaa vipokea sauti.

Uwanja ulikuwa mji uliobomoka. Adoch alilelewa kambini Makindye na baba aliyeendesha vifaru vya kweli jeshini, na mzee huyo alizoea kusema kuwa wengi huwa wengi mahali penye nafasi tu. Basi Adoch alijificha kwenye uchochoro, akamwomba Nasif ajionyeshe juu ya kilima kisha akimbilie kwake.

Wapinzani wanne walimfuata kama nyuki. Kifaru chao cha kwanza kilipoingia uchochoroni, Adoch alikipiga ubavuni kikawaka. Akazunguka nyuma ya magofu, akakipiga cha mwisho. Viwili vya katikati vikakwama, mbele moto, nyuma moto. Nasif akamaliza kimoja, Adoch kingine. Ukumbi ulinguruma.

Kilibaki cha Saverio, ambaye hakuingia uchochoroni. Kombora lake likakata mnyororo wa kifaru cha Nasif, kikasimama wazi barabarani. Kisha Saverio akapotea nyuma ya kanisa.

"Adoch, toka," Nasif alisema kwa sauti ya chini. "Pita kushoto. Ananilenga mimi, ubavu wake uko wazi."

Kutoka alipokuwa, Adoch hakuona kitu. Kama mdomo wa mzinga wa Saverio ulielekea kwake, na kama ujumbe ule ulikuwa kweli, alikuwa anakwenda kuchinjwa.

"Unamwona kweli?"

"Namwona. Toka, mpenzi."

Akatoka. Saverio alikuwa pale pale, ubavu mtupu, akimkazia Nasif. Kombora moja likatosha.

Watu walikuwa bado wanawabeba juu juu wakati simu ya Adoch ilipolia. Alikuwa mwenzao Opoka, akipiga kutoka sokoni Kalerwe.

"Samahani, nilikuwa na wateja. Kesho tunakutana saa ngapi?"

"Kesho ya nini?"

"Fainali. Saverio si alitupigia wote watatu, akasema imesogezwa kesho?"

Adoch akampa Juliet simu asikie mwenyewe. Saverio alichukua koti lake, akapita katikati ya watu asimtazame yeyote. Hata timu yake haikumfuata.

"Nilikutilia shaka," Adoch alimwambia Nasif.

"Ulitoka lakini."

Adoch alimpigia baba yake, mzee Okwera, kumsimulia ushindi na jinsi mwenzake alivyojifanya chambo kilimani. Kabla hajakata, Nasif aliomba simu. Walikuwa wanamficha mzee huyo mapenzi yao, wakihofia tofauti ya dini: Nasif Mwislamu, wao Wakristo.

"Shikamoo, afande. Naitwa Nasif. Naomba nije Jumapili na wazee wangu, kwa habari ya Adoch."

Mzee akauliza ni nani aliyekuwa juu ya kilima.

"Ni mimi, afande."

"Njoo nao," mzee alisema. "Tutachinja mbuzi. Na achinje mtu wenu, ili wote tule."